Sanduku la Dawa Lililokwenda Abisinia

Siku waliponiaga zahanatini, kijana mmoja wa chumba cha sindano alisimama na glasi yake ya limonadi akasoma hotuba. Aliitaja ile medali yangu ya vita. Alisema Mzee Kalonda, ndiye mimi, aliwasaidia marafiki wa Ubelgiji kushinda, na kwamba vijana tufuate mfano wake wa kutoa bila kujibakizia. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikunywa limonadi yangu nikanyamaza, maana mke wangu alikuwa amenishika goti chini ya meza. Leo niko nyumbani, mke wangu yuko shambani kwake, na goti langu liko huru. Kwa hiyo nitasema.

Wenzangu mnaobaki kazini, sitawaeleza nilipandishwa cheo lini wala nililipwa nini. Mambo hayo hayajawahi kumponya mtu. Nitaeleza kazi ilivyokuwa, halafu nitafika kwenye sanduku la dawa lililotoka kwetu Kimanga likaenda Abisinia. Mkimaliza kusoma, yule kijana aichane hotuba yake.

Nilianza kazi nikiwa kijana mrefu nisiyejua niweke wapi mikono yangu. Nilikabidhiwa kwa Baba Antwani, muuguzi wa kundi la kutibu malale lililozunguka vijiji vya kati ya Kasongo na Kabambare. Malale mnaijua kwenye vitabu. Sisi tuliijua njiani, kwa mbung'o waliotufuata toka mto hadi mto wakitung'ata juu ya nguo. Baba Antwani alikuwa Mkristo wa misioni, mfupi, mwenye kukohoa kabla ya kusema jambo zito. Mimi ni Mwislamu wa Nyangwe. Hatukuwahi kugombana kwa ajili ya dini, tuligombana kwa ajili ya jiwe la kunolea sindano.

Siku ya kwanza alinipanga nyuma ya mstari wa watu akaniambia nishike shingo. Kazi ndiyo hiyo, kutwa nzima, kijiji kizima kikipita mbele yako kimegeuza mgongo. Unatafuta tezi iliyovimba pembeni ya shingo, laini, inayoteleza chini ya kidole. Nilikuwa nataka kuzunguka mbele niwaone watu nyuso zao.

"Usiangalie sura," akaniambia. "Mutu anaweza kukuchekea na iko anakufa. Shingo haijue kucheka."

Mpaka leo nikikutana na mtu sokoni, macho yangu yanaenda shingoni kabla ya kumsalimia. Mke wangu anasema ndiyo maana sina marafiki wengi.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache na vizito. Mikroskopi ya shaba ilikuwa na mpagazi wake peke yake, na mpagazi huyo alipewa mahali pazuri pa kulala kuliko sisi, kwa sababu akiumwa yeye mikroskopi haitembei. Kulikuwa na taa ya pombe kali, sufuria ya kuchemshia, na sindano ambazo zilirudiwa mpaka zikawa butu. Ninyi mnafungua sindano mpya mnatupa ya zamani. Sisi tulizinoa kwa jiwe dogo jeusi lenye tone la mafuta, ukisukuma taratibu upande mmoja tu, kisha unaijaribu kwenye ukucha wako mwenyewe. Ikiteleza, bado. Ikishika, tayari. Baba Antwani hakuniazima jiwe lake mpaka siku aliponiona nimemchoma mtoto bila mtoto kulia. Alikohoa, akalitoa mfukoni, akanipa, na hakulidai tena.

Wagonjwa wagumu walikuwa wengi. Kulikuwa na kapita, msimamizi wa kazi za barabara, aliyesinzia huku chakula kiko mdomoni. Kulikuwa na mwanamke aliyefungwa kwenye nguzo na ndugu zake kwa sababu usiku alikuwa anazurura na mchana anacheka peke yake, na ndugu zake wakasema ni shetani. Tuliwachoma sindano zao kila wiki mpaka dozi ikaisha, na wengi wao walirudi kuwa watu. Dawa yenyewe ilikuwa unga katika chupa ndogo, unaouyeyusha kwa maji yaliyochemshwa. Baba Antwani alirudia kuniambia neno moja kila tulipofika kijiji kipya: usimwanzie mtu dozi usiyoweza kuimaliza. Ukiikatisha katikati, kidudu kilichobaki kinapanda kichwani, na mgonjwa atakuwa mbaya kuliko kabla hujamgusa. Wakati ule nilidhani anarudia kwa sababu amezeeka.

Baadaye nikapewa zahanati ya Kimanga, upande wa Kabambare. Ilikuwa nyumba ya matofali mabichi yenye paa la nyasi. Haikuwa ya serikali kuu wala ya misioni. Ilikuwa ya sheferi, yaani utawala wa Sultani wa pale, imejengwa kwa jasho la watu wake na dawa zake zilinunuliwa kwa kodi yao. Kumbukeni hilo, lina maana mbele. Daktari mzungu alipita mara moja moja kukagua. Watu walimwita Bwana Polepole, kwa mwendo wake na kwa maneno yake, na nitasema wazi kwamba alikuwa daktari mzuri.

Kimanga ndiko nilikomkuta Feza. Alikuwa wa ukoo wa mama yangu, akaniita yaya, yaani kaka mkubwa, tangu siku ya kwanza. Aliuza mafuta ya mawese sokoni, alikuwa na mdomo mrefu, na alimcheka mumewe Ramazani mbele ya watu naye Ramazani akapenda. Ramazani alikuwa mtu wa kifua kipana, mkulima wa mpunga, mtu wa kusimama barazani kabla hajaulizwa. Mimi nilimwita shemeji. Siku moja Feza alikuja kwa ajili ya kidonda cha mguu, na mimi, kwa ule ugonjwa wangu wa kushika shingo za watu, nikamshika. Tezi ilikuwepo. Tuliitoboa, nikaangalia kwenye mikroskopi, nikaona vidudu vinacheza.

"Nitakufa, yaya?" akaniuliza.

"Ukija kila wiki, hapana."

"Na nikichelewa?"

"Nitakuja kukukamata sokoni mbele ya wateja wako."

Akacheka. Alikuja kila wiki, na hakuwahi kuchelewa. Wagonjwa wengine wa malale walikuwa wachache, wote wameanza dozi, wote wanaendelea vizuri. Dawa niliyokuwa nayo ilitosha kuwamaliza wote na kubaki ya kutosha.

Halafu vita ya Wazungu ikatufikia. Tulisikia kwamba mfalme wa Ubelgiji amesalimu amri kwa Wajerumani. Wazungu wa kwetu wenyewe wakagawanyika. Wengine walisema mfalme akishaweka silaha chini vita vimekwisha, Kongo itulie. Wengine walisema hapana, Mwingereza bado anapigana, Mwingereza ni rafiki, Kongo itoe askari, mpira, mchele na dawa. Mkuu wa teritwari, yaani wilaya, tuliyemwita Bwana Kifua kwa jinsi alivyotangulizwa na kifua chake, alikuwa wa kutoa. Bwana Polepole hakuwa wa kukataa. Alisema tu kwamba mgonjwa aliye mbele yako ndiye wa kwanza. Kwa maneno hayo akaanza kuitwa rafiki wa Mjerumani mezani kwa wenzake.

Bwana Kifua alikuja Kimanga na barua ya kuomba dawa kwa ajili ya jeshi linalokwenda kumsaidia Mwingereza kupigana na Mtaliano huko Abisinia. Aliomba nusu. Nusu ya kinini, nusu ya bendeji, nusu ya kila kilichokuwa kabatini. Kwa kuwa zahanati ilikuwa ya sheferi, ilibidi watu waulizwe. Katika miaka yangu yote ya kazi, hiyo ndiyo mara pekee niliyoona serikali ikituuliza kitu. Ilituuliza siku ambayo ilijua tutajibu nini.

Baraza likakaa mbele ya nyumba ya Sultani. Bwana Kifua alisema Mwingereza ni rafiki yetu, nyumba yake inaungua, na rafiki huonekana wakati wa moto. Daktari akasimama akasema, polepole kama kawaida yake, kwamba zahanati inaweza kutoa nusu na wagonjwa wasidhurike. Mimi nikahesabu kichwani na nikakubaliana naye. Nusu ingebaki, na nusu ingemmaliza Feza na wenzake. Kama baraza lingeishia pale, nisingekuwa na hasira leo.

Lakini ninyi mnaijua desturi yetu. Rafiki akifiwa au akiunguliwa na nyumba, unampelekea kuku, na kuku huyo anafika mzima. Ukikata paja ukabaki nalo, umemwambia mbele ya watu kwamba urafiki umefika mwisho. Watu wamehamia kijiji kingine kwa sababu ya paja la kuku. Desturi nzuri hiyo, kwa kuku.

Ramazani akasimama.

"Bwana mukubwa," akasema, "sisi hapana watu wa kukata. Kama Mwingereza iko rafiki, juu ya nini tumupe nusu? Atasema watu wa Kimanga wako na roho ndogo. Tunamupa yote."

Watu wakaguna kwa kukubali. Sultani, ambaye hakupenda kupitwa kwa ukarimu na mkulima wa mpunga, akasema hilo ndilo lililokuwa moyoni mwake tangu asubuhi.

Nikasimama. Niliwaambia wachukue kinini, wachukue bendeji, wachukue hata mkasi wangu, lakini dawa ya malale haina kazi vitani. Risasi haileti malale. Nikasema wako watu wa hapa hapa katikati ya dozi, na nikamtazama Ramazani ili anielewe bila mimi kumtaja mkewe mbele ya watu.

Mzee mmoja wa upande wa Sultani akanirukia. "Muganga, wewe iko unachagulia rafiki vitu vibaya, vizuri unabaki navyo? Na pale vitani hakuna mutu wa kuumwa malale? Unajua?"

Sikujua. Nani alijua Abisinia? Nikamgeukia Ramazani.

"Shemeji, na Feza?"

"Feza amepona," akasema. "Si unamuona sokoni? Na watarudisha. Serikali haiwezi kutuacha hivi, siyo, Bwana mukubwa?"

Bwana Kifua alisema dawa nyingine itakuja kwa meli. Aliyasema hayo akiwa ameshavaa kofia yake. Alikuwa ameomba nusu akapewa yote, na hakuna mtu aliyemsikia akisema hapana, ninyi watu, bakizeni. Hapo ndipo hasira yangu inapokaa mpaka leo. Watu walifanya heshima yao waliyoijua. Yeye aliijua heshima hiyo, alikuwa amekaa nasi miaka, alikuwa amekula kuku wetu wazima, na akaitumia kama mtu anavyotumia mlango uliosahauliwa wazi. Tena medali akaandikiwa yeye kubwa kuliko yangu.

Nilipanga dawa mwenyewe. Daktari alikaa kwenye kiti changu akiangalia sakafu. Chupa za malale niliziweka kwenye sanduku la peke yake, kila chupa katika tundu la majani makavu, nikazifunika kwa pamba na juu ya pamba nikaweka kitambaa cha buluu nilichokata kutoka kwenye pazia la zahanati, kwa kuwa pamba ilikuwa haitoshi. Jina la Kimanga likapigwa rangi ubavuni. Kisha Ramazani akaja, amejiandikisha kuwa mpagazi wa jeshi, na akasema sanduku hilo atalibeba yeye. Alijivuna. Feza alikuja kumsindikiza hadi njia kuu, akalipiga sanduku kofi dogo kama unavyompiga mbuzi aende.

"Usiliangushe," akamwambia. "Ndani muko maisha ya watu."

Siku chache baadaye Bwana Polepole naye aliitwa jeshini. Nilibaki na kabati tupu, jiwe langu la kunolea, na sindano kali zisizo na kitu cha kuchoma.

Wiki ya kwanza Feza alikuja kama kawaida, akakaa kwenye benchi. Nikamwambia tunangoja. Wiki iliyofuata akaja tena. Aliendelea kuja, mjue hilo ninyi mnaolalamika kwamba wagonjwa hawafuati dozi. Meli haikuja. Nilitembea hadi Kabambare kuuliza, nikaambiwa nisubiri, na kwamba maswali mengi wakati wa vita si alama nzuri. Nilimpeleka Kasongo kwa tipoi, kiti cha kubebwa mabegani, nikiwalipa wabebaji kwa mchele wangu mwenyewe. Kule dawa ilikuwa imepungua vilevile kwa sababu meli hazikuja, na wauguzi, masikini, walitupa mahali pa kulala na uji, kwa kuwa hicho ndicho walichokuwa nacho. Tukarudi.

Yaliyofuata mnayajua kutoka vitabuni, nami nitasema kidogo tu. Alianza kusinzia kwenye meza yake ya mafuta. Wateja walijimiminia wenyewe, na wengine waliondoka bila kuacha kitu. Akaanza kuwa mkali, yeye aliyekuwa mcheshi. Baadaye alinisahau jina, ila kila wiki, siku ile ile, miguu ilimleta kwenye benchi la zahanati. Alikunja mkono wa nguo akaninyooshea mkono. Sikuwa na cha kuutia. Niliushika tu. Kuna siku nilimkasirikia yeye kwa kuja, Mungu anisamehe, kwa sababu sikuwa na mtu mwingine wa kumkasirikia aliyekuwa karibu. Tulimzika mvua za kwanza zilipoanza. Wale wengine waliokuwa naye kwenye dozi walimfuata na huko, mmoja baada ya mwingine, akabaki mzee mmoja tu ambaye hakuna ajuaye kwa nini alipona.

Ramazani alirudi mpunga ukiwa umevunwa mara ya pili tangu aondoke. Nilimwona kupitia dirisha akija na barabara, amekonda, amevaa koti la jeshi, na kichwani amebeba sanduku. Hakupita kwake. Alikuja moja kwa moja kwangu, akalitua mezani kwa uangalifu kama mtu anayetua mayai.

"Shemeji!" akasema. "Angalia. Sikuliangusha ata siku moja."

Jina la Kimanga lilikuwa bado linasomeka ubavuni.

"Kule juu kwa milima hakuna mbung'o," akasema, akicheka, anahema. "Watu waliumwa tumbo, waliumwa miguu, risasi zilipiga wengine. Malale, sikuona mutu mumoja. Daktari wa jeshi alifungua, akaangalia, akasema hii haina kazi hapa, nani alileta hii? Nikasema ni sisi, watu wa Kimanga. Akacheka. Akasema rudisha. Basi nimerudisha yote, shemeji. Utamumalizia Feza sindano zake."

Nilifungua kifuniko. Kitambaa cha buluu kilikuwa pale pale nilipokiweka. Niliinua pamba, na chupa zilikuwa zimekaa kila moja katika tundu lake la majani, hazijaguswa. Zilikuwa zimepanda meli na lori, zimevuka mito nisiyoijua jina, zimemsaidia rafiki kwa kukaa sandukuni, na zikarudi. Nikamshika Ramazani shingoni, kwa nyuma, kama nilivyofundishwa, kwa sababu mikono yangu haikujua kitu kingine cha kufanya. Hakuwa na tezi.

"Ni nini?" akauliza. Kisha akaangalia nje, kwenye benchi. Ilikuwa siku ya sindano, na benchi lilikuwa tupu. Akaelewa.

Hakulia mbele yangu. Alikaa sakafuni na koti lake la jeshi, ameegemeza mgongo kwenye mguu wa meza, jua likahama kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Baadaye wakaja watu kumchukua wakamwonyesha kaburi. Kesho yake asubuhi alirudi zahanatini, akasimama mlangoni.

"Dawa iko bado na nguvu?" akauliza.

"Iko."

"Basi uwape wenye wanaumwa." Akageuka kuondoka, halafu akarudi hatua. "Na siku wakuja tena kuomba, usituulize sisi barazani. Sisi hatujue kukataa. Uwape nusu, shemeji. Ingine ufungie."

Medali waliniletea baadaye, wakanivalisha mbele ya watu. Hiyo ndiyo mliyoipigia makofi na limonadi. Niliivua nilipofika nyumbani, na inazuia mlango wa banda la kuku usifunguke kwa upepo. Kwa kazi hiyo ni nzuri.

Ninyi mnaorithi zahanati, mtakuta kabati mbili. Ya kulia haina kufuli. Ya kushoto ina kufuli, na ndani yake iko nusu ya kila dawa, pamoja na jiwe jeusi la Baba Antwani. Wakaguzi wamenigombeza kwa kabati hiyo miaka nenda miaka rudi, wakisema muuguzi huyu ni mchoyo. Ufunguo nimemwachia yule kijana wa hotuba, makusudi, kwa kuwa ana ulimi mzuri na moyo wa kutoa. Siku atakapokuja mtu mwenye kifua mbele, akuambie kwamba kuna rafiki mbali ambaye nyumba yake inaungua, mpe ya kulia, kijana. Na hata hiyo, kabla hujaifunga sandukuni, muulize kwanza rafiki anaumwa nini.